Kaseti 140 za marehemu baba na diski moja: niziweke MP3, FLAC ama WAV?

"Asalaam aleikum fundi. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Babangu alipofariki alituachia kaseti kama 140, nyingi taarab, nyengine kasida, na nyengine ni harusi zetu wenyewe zilizorikodiwa nyumbani. Kuna CD kama 60 pia, na mimi nina MP3 zangu kama 300 nilizojaziwa kwenye flashi dukani miaka hiyo. Nimenunua diski ya terabaiti 1, nataka zote zikae pahali pamoja. Sasa binamu yangu wa Mombasa aniambia weka WAV ndo sauti safi kabisa, rafiki yangu asema FLAC, kijana wa kibanda cha simu asema MP3 ya 320 yatosha, sikio halijui tofauti. Nshageuza MP3 zangu nyingi kuwa FLAC, zimekuwa kubwa mara tano lakini sauti naona ni ileile. Na redio ya mamangu ya flashi haisomi FLAC, yaruka tu. Nimfuate nani? Sitaki nifanye kazi ya miezi alafu nijute."

Waaleikum salaam mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee, Mungu amrehemu. Kaseti 140 ni urithi, usiuchukulie mdogo, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujaanza manake kazi hii ukiikosea mwanzo waja kugundua wakati kaseti yenyewe haipo tena.

Nikujibu kwanza alafu nieleze. Kwenye diski weka FLAC. Kwa redio ya mamako toa MP3 kutoka kwenye hizo FLAC, umjazie flashi yake. WAV huihitaji, isipokuwa kwa muda ule unarikodi. Na MP3 ulizozigeuza tutazirudia chini, hapo kuna jambo.

Kinachowachanganya watu wengi ni kudhani fomati, yaani aina ya faili la sauti, ni moja tu ya kuchagua, kama kuchagua mke, kumbe ni kazi mbili. Kuna ya kuweka na kuna ya kusikiliza. Mchele wa mwaka mzima wakaa ghalani lakini hakuna anaekula ghalani, wapika wapakua kwenye sahani. Ukishakubali hivo basi ugomvi wa binamu yako na yule kijana waisha wenyewe, manake mmoja azungumzia ghala na mwengine azungumzia sahani.

Sasa sauti ndani ya kompyuta ni nini? Ni namba. Sauti ya CD ni mashine imepima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kimeandikwa kwa biti 16, na chaneli ni mbili, kushoto na kulia. Zidisha upate kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 10 kwa kila dakika. Hesabu ya 44,100 haikutoka hewani, sikio la mtu likiwa bado changa husikia mpaka mtetemo wa 20,000 hivi kwa sekunde, na ili uushike mtetemo wahitaji kupima zaidi ya mara mbili yake. WAV, iliyotoka 1991 kwa Microsoft na IBM, ni sanduku la kutia hizo namba kama zilivyo, basi. Haizisafishi wala haiziongezi kitu.

FLAC yachukua namba zilezile ikazikunja. Tazama daftari la muuza samaki, badala ya kuandika kila siku changu shilingi 600, 610, 605, 612, anaweza kuandika 600 ya mwanzo alafu aandike tu imepanda 10, imeshuka 5, imepanda 7. Daftari limepungua wino lakini ukitaka bei ya siku yoyote waipata vilevile bila kukosea hata senti. FLAC ndo hufanya hivo, yakisia kipimo kinachofuata kwa kutazama vilivyotangulia, alafu yaandika tofauti tu, na tofauti huwa namba ndogo zisizokula nafasi. Kwa hiyo nyimbo nyingi zarudi kama nusu ya WAV, ama zaidi ya nusu kidogo. Ukiifungua wapata namba moja moja sawasawa na za mwanzo, kama kanga uliyoikunja ukaitia sandukuni, ukiikunjua haikupungua uzi. Binamu yako akisema WAV ni safi kushinda FLAC mwambie ageuze WAV kuwa FLAC, aigeuze tena kuwa WAV, alafu alinganishe zile mbili kwa kompyuta. Namba za sauti ataziona ni zilezile.

Na kwa maktaba ya nyumbani FLAC yaipita WAV kwa mambo mawili. Yabeba maelezo ndani yake, jina la mwimbaji, mwaka, hata picha ya karatasi ya kaseti, na WAV kwa hilo ni dhaifu sana, programu moja yasoma nyengine haisomi. La pili, ndani ya faili la FLAC kuna alama ya utambulisho ya sauti yenyewe, kama alama ya kidole, ukija baada ya miaka mitano wataka kujua kama diski imeharibu faili wairuhusu programu ilikague, yakwambia zima ama bovu. WAV ikiharibika kimyakimya wajua siku waisikiza. FLAC ipo tangu 2001, ni ya bure na haina mwenyewe wa kuja kukudai, kwa hiyo sioni ikikufungia mlango mbele.

Haya MP3. Hii ilitengenezwa na wataalamu wa Ujerumani wa taasisi ya Fraunhofer pamoja na wenzao, na jina la .mp3 lilianza kutumika 1995, enzi ambayo diski zilikuwa ndogo na intaneti ya kutambaa. Wao walitumia udhaifu wa sikio. Ukiwa umesimama gatini na boti ya injini imepita karibu, mtu akikunong'oneza husikii kitu, si kwamba hakusema, ni kwamba sauti kubwa imefunika ndogo. Basi MP3 yapekua wimbo vipande vidogo vidogo, yatafuta nini kimefunikwa na nini, na kile ambacho sikio lisingekisikia yakitupa, ama yakiandika kwa ukali ukali tu. Ni akili kubwa kwa kweli, naiheshimu. Lakini kilichotupwa kimetupwa.

Kiasi gani chatupwa yategemea waipa kilobiti ngapi kwa kila sekunde. Ukiipa 320 yatupa kidogo, 192 bado vizuri, 128 mwenye sikio ataanza kushuku, na 64 hata asiyejali atasikia. Kwenye muziki wetu waisikia haraka kwenye vitu viwili, vigelegele na makofi. Chukua rikodi ya harusi ya kilobiti 64 uweke iafoni, wanawake wakipiga vigelegele sauti haina ncha, yachuruzika kama maji kwenye mfereji, na kofi badala ya kuwa "pa!" lina kitu kama mchanga kinatangulia kabla halijatua. Udi nao ule mguso wa kwanza wa risha kwenye uzi wapotea, wabaki mlio. Kwa hiyo yule kijana wa kibanda nampa haki yake, MP3 ya 320 iliyotolewa kwenye chanzo kizuri watu wengi hawaitofautishi na CD, hata mimi na sikio la kazi nkijaribiwa bila kuambiwa ipi ni ipi sitakuapia kuwa nitapatia kila mara. Alipokosea ni kudhani kazi ya ghala ni kusikika leo. Ghala ni la kutolea vitu kesho, na kila ukiifungua MP3, ukaikata, ukapunguza mvumo, ukaihifadhi tena MP3, yatupa tena juu ya kile ilichotupa.

Hapa ndo tuje kwa MP3 zako 300. Wajua tui la nazi, ukikamua la kwanza ni zito, la pili jepesi, la tatu ni maji ya chicha. Ukichukua la tatu ukalitia kwenye sufuria kubwa ya shaba halitageuka kuwa la kwanza, umebadilisha sufuria tu. Ndo maana faili zimevimba mara tano na sauti ni ileile, FLAC imekunja kwa uaminifu kabisa kile ilichopewa, na ilipewa tui la tatu. Kama MP3 za mwanzo bado unazo, futa hizo FLAC bila huruma na uweke MP3 zilivyo. Kama ulishazifuta MP3, basi usizigeuze tena kurudi MP3 kwa ajili ya kuokoa nafasi, zitapoteza mara ya pili, ziache FLAC hivo hivo ila zitie kwenye folda yao uandike wazi kuwa asili yake ni MP3, ili wewe ama mwanao asije akadhani ni za CD. Na siku ukipewa FLAC na mtu na wataka kuikagua, ifungue kwenye Audacity, ni programu ya bure, geuza uone spektrogramu, yaani picha ya sauti yenye mitetemo ya chini chini na ya juu juu, rangi zikikatika juu kama zimekatwa na rula karibu na mtetemo wa 16,000 basi mara nyingi hiyo ilishapita kwenye MP3 ya 128.

Hili naliongea kwa uchungu. Mwaka 2006 niliweka kaseti za mjomba wangu kwenye MP3 ya 64 ili zote zitoshee flashi ya megabaiti 256, flashi zilikuwa ghali, nikaona kazi imekwisha nikatoa kaseti zikatupwa. Sauti yake akisoma kasida ninayo mpaka leo, lakini ile pumzi anayoivuta kabla ya kuanza beti, ambayo sisi watoto tukiijua na tukimuigiza, haimo. Imeingia kwenye vile vilivyotupwa. Hakuna programu itakayonirudishia.

Sasa niseme ambalo hukuuliza na ndilo kubwa kushinda fomati. CD utazitoa siku tatu nne umemaliza, tumia programu yenye kusoma CD kwa uangalifu na kurudia pahali penye mchubuko, Exact Audio Copy kwa Windows yaifanya vizuri, moja kwa moja mpaka FLAC. Kazi iko kwenye kaseti. Kaseti hizi walizianzisha Philips 1963, mkanda wenyewe una upana wa milimita 3.81 tu na wapita sentimita 4.76 kwa sekunde, polepole mno, kwa hiyo kosa dogo kwenye hedi ya redio, kile kichuma kinachogusa mkanda na kuisoma sauti, laonekana kubwa kwenye sauti. Na hewa ya Lamu ni chumvi na unyevu, wewe wajua kufuli yafanya kutu ndani ya mwaka, basi fikiria mkanda uliokaa kwenye kabati tangu miaka ya themanini.

Tafuta deki nzuri ya zamani, ile ya kukaa mezani, umpe fundi aibadilishe mikanda ya mpira. Vile vidude vidogo vya kuchomeka kompyuta vya bei rahisi viepuke, mota yake yayumba na sauti yaenda kama mlevi. Safisha hedi na kile kigurudumu cha mpira kwa spirit na pamba, si mara moja, kila baada ya kaseti chache. Kabla ya kuicheza kaseti vunja vile vidude viwili vya plastiki vya mgongoni ili asitokee mtu akabonyeza kurikodi juu ya sauti ya mzee. Alafu ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe, mkanda uliokaa miaka huwa umeshikana.

Alafu kuna skrubu. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi, kazi yake ni kuinamisha hedi isimame sawa na vile ilivyosimama hedi ya mashine iliyorikodi. Kaseti ya harusi iliyorikodiwa na redio ya jirani 1987 haikusimama sawa na deki yako, hakuna mbili zinazofanana. Weka iafoni, cheza pahali penye "s" na "sh" nyingi, chukua bisibisi ndogo isiyo na sumaku, zungusha robo ya robo polepole. Utasikia sauti kama mtu alokuwa azungumza nyuma ya pazia, pazia linafunguka, "s" yatoka, nyuzi za udi zatoka, alafu ukipita yafunga tena. Rudi pale penye uwazi mkubwa uache hapo, na kaseti nyengine ufanye upya. Tofauti ya hiyo skrubu ni kubwa kushinda tofauti ya MP3 na FLAC, nakwambia kweli. Ukirikodi kaseti hedi ikiwa imepinda utakuwa na FLAC safi kabisa ya pazia.

Kutoka deki kuingia laptopu usitumie tundu la maiki, mengi ni ya chaneli moja na yaongeza mvumo, nunua kile kidude cha sauti cha USB chenye tundu la laini kushoto na kulia. Rikodi kwa biti 24 na vipimo 48,000, na usipandishe sauti mpaka mwisho, acha kilele kifike kama desibeli 6 chini ya sifuri, na sifuri ndo mwisho wa kipimo, manake ikigonga sifuri yakatwa kichwa na yapasuka milele. Hizo biti 24 si kwa sababu kaseti ina utajiri huo, kaseti ya kawaida umbali kati ya mvumo wake na kilele ni kama desibeli 50 au 60, na biti 16 tayari zabeba 96. Ni nafasi tu ya wewe kurikodi chini chini bila wasiwasi. Ukiambiwa uende vipimo 96,000 ama 192,000 kataa, kaseti za nyumbani hazifiki mbali juu ya mtetemo wa 15,000, utakuwa wahifadhi mvumo kwa gharama. Na mvumo wenyewe usiusafishe kwenye faili la asili. Hifadhi lilivyo, na mvumo wake na mbwa anaebweka nyuma, kisha ukitaka kusafisha safisha kwenye nakala.

Nafasi isikutishe. Kaseti ya dakika 90 kwa kipimo hicho ni kama gigabaiti 1.5 ikiwa WAV, FLAC yashuka karibu na 1, haishuki sana kama CD kwa sababu mvumo hauna mpangilio na kisichokisika hakikunjiki. Kaseti zako zote 140 tuseme gigabaiti 140, CD 60 ziongeze kama 25, hujafika hata robo ya terabaiti yako. Kwa hiyo ile sababu iliyotufanya sisi 2006 kukata kona haipo tena.

Redio ya mamako haina kosa, redio nyingi za flashi zimetengenezwa kusoma MP3 tu. Programu kama fre:ac, ya bure, yachukua folda nzima ya FLAC yatoa MP3 usiku mmoja, chagua 192 kwa redio ya spika ndogo, flashi ya gigabaiti 32 itabeba zaidi ya saa 300 na yeye hatasikia upungufu. Flashi ipotee, ianguke majini, hujapoteza kitu. Simu za Android zasoma FLAC zenyewe, na ukituma kwa Bluetooth spika haijali ni faili gani, simu yaifungua na kuibana upya kwa njia yake kabla ya kurusha hewani, kwa hiyo kwa Bluetooth usisumbuke na tofauti ya 320 na FLAC.

Diski moja haitoshi mwanangu. Nunua ya pili, ya mtumba siitaki, mpya, unakili zote, na hiyo ya pili isikae nyumba moja na ya kwanza, mpe huyo binamu wa Mombasa akuwekee. Kila baada ya miezi sita izungushe, ikague. Iliyoko Lamu itie kwenye mkebe wa kufunga na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu. Na kaseti zenyewe usizitupe hata ukimaliza.

Zile za harusi nina neno. Mara nyengine ni rikodi za wanawake peke yao, wamecheza wameimba wakijua hakuna mwanamume asikiaye, na wengine wako hai ama watoto wao wako hai. Ziweke kwenye folda mbali, muulize mamako nani asikilizishwe, na usizipeleke kwenye simu za watu kabla ya hapo. Muulize pia majina, kaa nae kaseti ikicheza, yeye aitambua sauti ya nani yaimba na nani apiga tari, andika kwenye maelezo ya FLAC palepale. Kama kuna kasida ama washairi wa zamani ambao hamwajui, wazee wa makumbusho pale Lamu ni watu wa kuuliza.

Kuna kaseti usizijaribu mwenyewe. Ikiwa na unga mweupe ama kijivu kwenye kingo za mkanda hiyo ni kuvu, ukiicheza yahamia kwenye deki na kutoka deki yaingia kaseti zote zitakazofuata, na vumbi lake si zuri kwa kifua. Ikilia kama mlango, iliyokatika, iliyoingia maji ya bahari, hizo pia. Kile kijitambara kidogo nyuma ya mkanda kikidondoka sauti hufifia, hicho ni rahisi, fundi yeyote mwangalifu hutoa kwenye kaseti nyengine tupu. Na diski ikianza kugonga tik tik izime hapohapo, usiijaribu mara ya pili, peleka kwa mtu wa kuokoa data.

Anza na kaseti isiyo na thamani, ya kununua dukani, ili mkono uzoee ile skrubu, ukifika ya nne ya tano ndo uguse za nyumbani. Zile za kuvu zifunge kila moja kwa karatasi kavu, usizitie kwenye nailoni, ziweke mbali na spika. Ukimpata mtu anakuja Malindi mpe, nitazikausha na kuzisafisha kwa mkono, moja moja, zachukua wiki mbili tatu.